Leza na Jicho: Mashindano Ambayo Mdogo Ndiye Bingwa

Tumezoea kujivunia vikubwa. Kilimanjaro na mita zake 5,895. Ziwa Tanganyika na kina chake cha karibu mita 1,470, la pili kwa kina duniani. Leo tunaingia katika uwanja wenye kanuni tofauti: medali anavishwa anayechukua kidogo zaidi, anayekata kwembamba zaidi, anayemaliza upesi zaidi. Uwanja wenyewe una upana wa kifungo cha shati, milimita 11 hadi 12, na unene wake katikati ni nusu milimita na ushei. Unaitwa konea, kile kioo angavu cha mbele ya jicho. Jicho zima lina nguvu ya kupinda mwanga ya dayopta 60 hivi, na 43 kati ya hizo ni za konea peke yake. Ukiparua konea kidogo tu, mtu aliyekuwa hatambui sura ya mama yake upande wa pili wa chumba anasoma kibao cha duka ng'ambo ya barabara.

Upasuaji wa leza wa kurekebisha uoni umeshafanywa duniani zaidi ya mara milioni 40 kwa makadirio ya wataalamu. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6, kwa hiyo upasuaji huo unakaribia kuifikia Kenya nzima, kichwa kwa kichwa.

Vipimo vyetu leo ni vitatu: karatasi ya A4, basi la abiria 60, na Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, wenye viti 60,000. Twende.

1. Pigo fupi kuliko yote

Chukua sekunde moja. Igawanye vipande milioni moja. Kisha chukua kipande kimoja tu, ukigawanye tena vipande bilioni moja. Hicho kimoja unachobaki nacho ni femtosekunde.

Femtosekunde ikisimama kando ya sekunde ni kama sekunde ikisimama kando ya miaka milioni 31.7. Fuvu la Zinjanthropus alilolipata Mary Leakey pale Olduvai mwaka 1959 lina umri wa miaka milioni 1.75 hivi. Rudia umri huo mara 18 ndipo uifikie hiyo miaka!

Leza za kukatia konea hupiga mapigo ya mamia machache ya femtosekunde. Mwanga, ambao kwa sekunde moja ungeizunguka dunia mara saba na nusu, katika femtosekunde 200 husogea sehemu sita za mia za milimita. Hata unene wa karatasi ya A4 haujamaliza kuuvuka.

Ufupi huo una kazi. Pigo la namna hiyo huisha kabla joto halijapata nafasi ya kusambaa, kwa hiyo nyama ya jirani haiungui. Pale linapolenga hubaki kiputo kidogo mno. Viputo vikipangwa kwa maelfu, kimoja kando ya mwenzake kama vitundu vya ukingo wa stempu, tabaka la konea linaachana na lililo chini yake kwa usafi ambao kisu hakijawahi kuufikia.

2. Mparuo mwembamba kuliko yote

Leza ya pili katika kazi hii ni eksima. Hii haikati, inaparua. Mwanga wake ni wa urujuanimno, wenye urefu wa wimbi wa nanomita 193, kiasi cha nusu ya mwanga wa zambarau wa mwisho ambao jicho linaweza kuuona. Mawimbi yake 360 yangejipanga vizuri ndani ya unene wa unywele mmoja. Kila chembe ya mwanga huo ina nguvu ya kutosha kuvunja vifungo vya molekuli, na nyama inayoguswa huruka kama mvuke.

Pigo moja huondoa takriban robo ya mikroni, na mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Karatasi ya A4 ya ofisini ina unene wa mikroni 100 hivi. Ungehitaji mapigo 400 kumaliza unene wa karatasi moja, na mapigo 200,000 kuimaliza rimu.

Sasa fanya hesabu ambayo daktari huifanya kabla hajakulaza kitandani. Konea ya kawaida ina mikroni 540 katikati: karatasi tano na kidogo. Kwa eneo la upana wa milimita 6, kila dayopta moja ya kutoona mbali huhitaji kuondoa mikroni 12 hivi. Mwenye dayopta 3 anapoteza mikroni 36, theluthi ya karatasi. Mwenye 6 anapoteza 72. Mwenye 10 anapoteza 120, karatasi nzima na zaidi. Katika aina ya upasuaji iitwayo LASIK kuna pia kifuniko kinachofunguliwa kwanza juu ya konea, chenye unene wa karatasi nyingine moja. Na chini ya vyote hivyo inapaswa kubaki akiba ya mikroni 250, karatasi mbili na nusu, la sivyo konea hulegea na kuanza kuchomoza mbele. Karatasi tano si nyingi. Daktari anayekuambia konea yako ni nyembamba mno kwa leza, kisha akakurudisha nyumbani na miwani yako, amekutendea wema mkubwa.

3. Mabaki ya karamu yenye thamani kuliko yote

Alhamisi ya tarehe 26 Novemba 1981 Wamarekani walisherehekea sikukuu yao ya Shukrani kwa kula bata mzinga kama ilivyo desturi yao. Kesho yake, mwanakemia Rangaswamy Srinivasan, mzaliwa wa Madras, India, alifika kazini katika maabara ya IBM huko Yorktown Heights, New York, akiwa na kipande cha yule bata. Yeye na wenzake, James Wynne na Samuel Blum, walikuwa na leza ya eksima, na walitaka kujua ingefanya nini kwenye nyama.

Ilichonga. Mfereji ulitoka na kuta zilizonyooka, ukingo hauna hata dalili ya kuungua. Walipoijaribu leza ya kawaida yenye mwanga wa kijani, nyama iliungua na kuharibika. Baadaye wakachonga unywele wa binadamu, na picha ya unywele huo wenye mitaro nadhifu ikazunguka dunia nzima.

Mwaka 1983 daktari wa macho Stephen Trokel wa Chuo Kikuu cha Columbia aliwaendea na swali sahihi: vipi kuhusu konea? Mwaka 1988, mjini New Orleans, Marguerite McDonald akawa wa kwanza kutumia leza hiyo kurekebisha jicho la binadamu linaloona. Mgonjwa alikuwa mwanamke ambaye jicho lake lilikuwa tayari limepangiwa kuondolewa kwa sababu ya saratani. Alilitoa litumike kwanza, ili wengine wapate kujifunza kutoka kwalo. Katika orodha hii yote ya mabingwa, mimi namweka yeye mbele ya maprofesa wote.

Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliidhinisha upasuaji huo, unaoitwa PRK, mwaka 1995. Kutoka kipande cha bata hadi kibali: miaka 14. Mtoto aliyezaliwa siku ya jaribio lile alikuwa tayari anabalehe.

4. Waliotangulia wote

Leza ya kwanza duniani iliwashwa na Theodore Maiman huko Malibu, California, tarehe 16 Mei 1960. Mwishoni mwa 1961, majira yale yale Tanganyika ilipokuwa ikipokea uhuru wake, madaktari wa New York walikuwa tayari wanaipiga ndani ya jicho la mgonjwa kuteketeza uvimbe kwenye retina. Mwaka mmoja na nusu tu! Jicho ndicho kiungo cha kwanza cha binadamu kutibiwa kwa leza, na sababu ni rahisi: ndicho kiungo pekee chenye dirisha.

Lakini wazo la kulichonga jicho ili lione vizuri ni la zamani kuliko leza. Katika miaka ya 1950, huko Bogotá, Colombia, José Ignacio Barraquer alianza kubuni njia ya kukata kipande cha konea, kukigandisha kwa baridi, kukichonga kwa mashine kama fundi seremala anavyochonga mguu wa kiti, kisha kukirudisha mahali pake. Kila LASIK inayofanywa leo ni mjukuu wa kazi ile.

Moscow nayo ilikuwa na Svyatoslav Fyodorov, ambaye kuanzia miaka ya 1970 alikuwa akichanja konea mistari inayotawanyika kutoka katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Huyu ndiye bingwa wa wingi. Aliweka wagonjwa kwenye mkanda unaosogea, kila daktari akafanya hatua moja na kumwachia mwenzake inayofuata, kama kiwanda cha soda. Alikuwa hata na meli iliyogeuzwa kuwa hospitali ya macho. Michanjo yake tutakutana nayo tena, juu ya theluji.

Jina LASIK lenyewe lilitolewa na Ioannis Pallikaris wa Chuo Kikuu cha Krete, Ugiriki, na hataza ya njia ya kuunganisha kifuniko na leza ilipewa Gholam Peyman, mzaliwa wa Shiraz, Iran, mwaka 1989. Hesabu nchi zilizochangia: Colombia, Urusi, India, Marekani, Iran, Ugiriki. Kikosi cha mataifa sita kwa uwanja wa milimita 12.

5. Ajali iliyozaa kuliko zote

Mwaka 1993, katika maabara ya Gérard Mourou kwenye Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi mmoja alipigwa jichoni na leza ya femtosekunde kwa bahati mbaya. Alikimbizwa hospitali. Daktari kijana aliyempokea, Ron Kurtz, alipochungulia ndani ya jicho alishangaa: alama zilikuwa ndogo mno, mviringo kamili, na kando yake hakukuwa na madhara. Uoni wa mwanafunzi haukuharibika sana. Kurtz akaenda maabara kuuliza ile ilikuwa leza ya namna gani.

Miaka minne baadaye yeye na mwanafizikia Tibor Juhasz walianzisha kampuni ya kuunda leza za kukata kifuniko cha konea, kazi iliyokuwa ikifanywa na wembe wa mashine.

Na Mourou? Mwaka 2018 yeye na Donna Strickland walipata nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia kwa njia waliyoibuni mwaka 1985: pigo la leza linanyooshwa kwanza liwe refu na dhaifu, linaongezewa nguvu, kisha linabanwa tena liwe fupi na kali kupindukia. Strickland alikuwa mwanamke wa tatu tu katika historia kupata Nobel ya Fizikia, na wa kwanza baada ya miaka 55. Kamati ya tuzo ilipoeleza faida za uvumbuzi huo kwa watu wa kawaida, ilitaja upasuaji wa macho.

6. Mbio za sekunde kumi

Ferdinand Omanyala alikimbia mita 100 pale Kasarani, Nairobi, Septemba 2021, kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Tumpange mstarini na mashine.

Njia ya kwanza, Omanyala. Njia ya pili, leza ya eksima ya mapigo 500 kwa sekunde, ambayo hurekebisha dayopta moja kwa sekunde 1.4 hivi. Mgonjwa wetu ana dayopta 6. Bunduki inalia. Leza inamaliza kwa sekunde 8.4, na Omanyala bado ana mita kadhaa mbele yake. Mpaka avuke mstari, leza ile ingekuwa na uwezo wa kupiga mapigo 4,885.

Njia ya tatu, leza ya femtosekunde ya kizazi kipya, VisuMax 800, yenye mapigo milioni 2 kwa sekunde. Inakata kipande chote kinachotakiwa ndani ya konea kwa chini ya sekunde 10. Katika muda wa Omanyala ingeweza kupiga mapigo zaidi ya milioni 19.5. Watu wote wa Tanzania katika sensa ya 2022 walikuwa milioni 61.7, mashine hii ingempiga kila Mtanzania pigo moja moja na kumaliza kwa sekunde 31.

Jicho nalo halitulii. Linatetemeka hata ukikaza macho. Kwa hiyo baadhi ya mashine za eksima zina kamera inayolifuatilia jicho zaidi ya mara 1,000 kwa sekunde. Likisogea, mwale unasogea nalo. Likiyumba mno, leza inajizima yenyewe.

Mgonjwa huingia chumbani na kutoka baada ya dakika 15 hadi 30 kwa macho yote mawili. Mapumziko ya mpira wa miguu ni dakika 15. Hakuna sindano: dawa ya ganzi ni matone.

7. Mlango mdogo kuliko yote

PRK hukwangua ngozi ya juu kabisa ya konea, na jeraha hufunga kwa siku tatu hadi tano, siku za maumivu ya kweli. LASIK hufungua kifuniko chenye mkato wa mviringo wa karibu milimita 20. Njia ya tatu, SMILE, iliyobuniwa na Wajerumani Walter Sekundo na Marcus Blum na kuidhinishwa Marekani mwaka 2016, inachonga lenzi ndogo ndani ya konea bila kuifungua, kisha daktari anaivuta nje kupitia tundu la milimita 2 hadi 4.

Punje ya mchele ina upana wa milimita 2. Yaani kipande cha jicho chenye upana wa milimita 6 na ushei kinatolewa kwenye mlango ambao punje ya mchele ingeupita kwa kubanwa. Mwashi aliyejenga nyumba yenye mlango wa namna hiyo angeambiwa amekosea ramani.

8. Nyama yenye hisia kuliko zote

Konea haina mshipa hata mmoja wa damu. Hewa yake ya oksijeni inaichukua moja kwa moja kutoka nje, kupitia machozi. Lakini mishipa ya fahamu! Inakadiriwa kuwa imesongamana humo mara 300 hadi 600 kuliko kwenye ngozi. Ndiyo maana punje ya mchanga ambayo kiganja hakiitambui inakuangusha chini ikiingia jichoni, na ndiyo maana macho huwa makavu baada ya leza: mishipa iliyokatwa ndiyo inayoamrisha machozi. Huchukua miezi kuota upya.

9. Juu kuliko wote

Tarehe 10 Mei 1996 Mmarekani Beck Weathers alikuwa akipanda Everest. Miaka kadhaa nyuma alikuwa amechanjwa konea kwa njia iliyoenezwa na Fyodorov. Alipofika kwenye mita 8,400 hivi, yaani Kilimanjaro na juu yake mita nyingine 2,500, macho yake yalikataa. Konea iliyochanjwa hubadilika umbo oksijeni inapopungua. Alibaki ameketi kwenye barafu karibu kipofu, tufani ikamkuta, akaachwa akidhaniwa amekufa. Alinyanyuka na kutembea hadi kambini mwenyewe. Aliokoka, lakini baridi ilimnyang'anya mkono wa kulia.

Je, LASIK ingestahimili? Wapandaji sita waliofanyiwa LASIK walichunguzwa kwenye mlima huo huo. Wote walivuka mita 8,000, na wanne walifika kileleni. Wengi wao hawakuona badiliko lolote hadi kimo hicho. Wachache walipata ukungu walipozidi kupanda.

Juu zaidi ya hapo kuna anga lenyewe. Shirika la NASA lilianza kukubali wanaanga waliofanyiwa PRK na LASIK mwaka 2007. Mwaka uliofuata Richard Garriott, aliyekuwa amefanyiwa PRK, alikwenda kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, na macho yake yakachunguzwa: yalibaki imara. Kituo hicho huelea kilomita 400 juu yetu, pungufu kidogo ya safari ya basi kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, ila hii ni ya kwenda juu. Milima 68 kama Kilimanjaro ingepandana ndipo ikifikie!

Kwenye ardhi tambarare bingwa ni Tiger Woods. Alifanyiwa LASIK mwaka 1999. Mwaka 2000 alishinda mashindano ya gofu ya US Open kwa tofauti ya mipigo 15, pengo kubwa kuliko yote katika historia ya mashindano makuu ya mchezo huo. Kipaji kilikuwepo tangu utotoni. Miwani ndiyo haikuwepo tena.

10. Jiji la miwani kuliko yote

Mwaka 2010 vijana wa kiume wa miaka 19 wa jiji la Seoul, Korea Kusini, walipimwa macho kwa ajili ya jeshi, zaidi ya 23,000. Wasioona mbali walikuwa asilimia 96.5. Jaza basi letu la abiria 60 kwa vijana hao: 58 hawaoni vizuri bila miwani, wawili ndio wanaosoma kibao cha kituo kwa macho matupu. Afrika Mashariki viwango vya watoto wetu viko chini mno kulinganisha na hivyo, na wataalamu wanataja sababu mojawapo: mwanga wa nje. Mtoto anayecheza juani saa nyingi analikinga jicho lake lisirefuke.

Maana tatizo ni urefu. Jicho la mtu mzima lina milimita 24 hivi kutoka mbele hadi nyuma. Likizidi milimita moja tu, kutoona mbali kwa dayopta mbili na nusu hadi tatu kunaingia. Kuna makadirio kwamba ifikapo 2050 watu bilioni 4.76 watakuwa hawaoni mbali. Hizo ni Tanzania 77.

Na rekodi ya mtu mmoja? Mwaka 2016 mpiga picha mmoja wa Slovakia alitengenezewa lenzi za dayopta 108. Gawanya mita moja kwa dayopta upate umbali ambao jicho linaona bila msaada: dayopta 5, sentimita 20; dayopta 10, sentimita 10, urefu wa kiganja; dayopta 108, chini ya sentimita moja. Kidole kikilala kati ya jicho na kitabu, tayari ni mbali mno. Kwa mtu kama huyo leza haina la kufanya. Rudi kwenye hesabu ya karatasi: mikroni 12 mara 108 ni karibu 1,300, na konea nzima ina 540.

11. Uwanja unaoshangilia kuliko yote

Mapitio ya tafiti za LASIK yaliyochapishwa mwaka 2016 yalikusanya macho 67,893. Uwanja wa Mkapa usingeyatosha, hata kila jicho likipewa kiti chake. Baada ya upasuaji, asilimia 90.8 ya macho yalisoma mstari wa uoni kamili bila miwani. Mapitio mengine ya 2009 yaliuliza swali la moja kwa moja, umeridhika? Asilimia 95.4 walijibu ndiyo.

Jaza Uwanja wa Mkapa kwa wagonjwa hao. Watu 57,240 wanasimama na kushangilia. Ni vigumu kutaja tiba nyingine ya hiari yenye shangwe ya namna hiyo.

Watu 2,760 wanabaki wameketi. Wapakie kwenye mabasi yetu ya abiria 60 na utajaza mabasi 46, msafara wa kuziba Barabara ya Mandela saa ya jioni. Baadhi yao wanaona duara za mwanga kuzunguka taa za usiku. Utafiti wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ulionyesha kuwa kati ya watu waliokuwa hawana macho makavu kabla ya LASIK, hadi asilimia 28 walikuwa na dalili hizo miezi mitatu baadaye: watu 17 katika kila 60. Wengi hupona kadiri miezi inavyokwenda. Wengine hawaponi. Anayekwenda kupimwa Nairobi au anayekata tiketi ya India kwa ajili ya leza anastahili kuonyeshwa mabasi hayo kabla hajaonyeshwa uwanja unaoshangilia.

Jambo moja pia halijavunjwa na leza yoyote: umri. Baada ya miaka 40 lenzi ya ndani ya jicho inakakamaa, na aliyeachana na miwani ya mbali atatafuta ya kusomea. Mtoto wa jicho naye huja kwa wakati wake, leza au hakuna leza.

12. Mkongwe asiyeshindika

Chombo kilichorekebisha macho ya watu wengi kuliko vyote kilizaliwa Italia katika miaka ya 1280. Msafiri Ibn Battuta aliposhuka Kilwa mwaka 1331, miwani ilikuwa inakaribia nusu karne. Haina femtosekunde. Haiparui mikroni. Ukiikosea, unaivua.

Leza nchini Marekani hugharimu kwa kawaida zaidi ya dola 2,000 kwa jicho moja. Miwani ya kusomea iliyo tayari hupatikana kwa dola chache, pungufu ya nauli ya basi la mkoani. Na bado rekodi ngumu kuliko zote katika orodha hii inatoka kwenye takwimu za Shirika la Afya Duniani: kati ya watu wote duniani ambao macho yao yangeona mbali vizuri kwa kupewa tu miwani sahihi, wanaoipata ni asilimia 36.

Wapandishe kwenye basi letu la abiria 60. Abiria 22 wanakiona kituo kinakuja. Abiria 38 wanasubiri utingo awaambie wamefika.